Mwongozo kamili: namna ya kuwalinganisha wakimbiaji wa sekondari wanaowaniwa na vyuo vya Marekani

Desemba 2000, vijana watatu walimaliza fainali ya taifa ya mbio za nyika ya Foot Locker, Marekani, wakifuatana hivi: Dathan Ritzenhein, Alan Webb, Ryan Hall. Wote walikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari na wote walikuwa wakigombewa na vyuo. Kocha mwenye nafasi moja tu angemchukua nani?

Miezi michache baadaye, Mei 2001, Webb alikimbia maili kwa 3:53.43 na kuvunja rekodi ya sekondari ya Jim Ryun iliyodumu tangu 1965. Hapo mtu yeyote angesema ni huyu. Webb akaenda Michigan, akakaa mwaka mmoja, akaondoka kwenda kukimbia kama mlipwaji. Ritzenhein akaenda Colorado na mwaka 2003 akawa bingwa wa nyika wa NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani. Hall, yule wa tatu, alihangaika miaka yake ya mwanzo Stanford, kisha 2005 akashinda mita 5,000 za NCAA, na Januari 2007 akakimbia nusu marathoni kwa 59:43. Webb naye hakupotea: Julai 2007 alikimbia maili kwa 3:46.91, rekodi ya Marekani iliyosimama hadi 2023. Kwa hiyo kila mmoja wa hao watatu alikuwa jibu sahihi kwa swali fulani. Kosa ni kumsajili mtu kabla hujajua swali lako.

Mimi humsaidia kocha wa chuo kimoja kidogo huku Marekani kuchambua majina, na kwa kuwa kwetu ni Bonde la Ufa, simu yangu haikosi ujumbe wa "Mjomba, kuna kijana hapa ana 14:30 katika 5,000, msaidie." Nawaandikia walimu wa michezo, wazazi, na hata mashabiki wanaopenda kubishana kwa hoja. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Jua timu ina pengo gani

Katika mbio za nyika za vyuo, timu hukimbiza watu 7. Nafasi za 5 wa kwanza hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Wa 6 na wa 7 hawahesabiwi, ila wakimaliza mbele ya watu wa timu pinzani huwasukuma nyuma.

Fanya hesabu. Timu ina watu wanne ndani ya 20 bora, na wa tano amemaliza wa 90. Ikimbadilisha kinara wake wa nafasi ya 10 kwa nyota wa nafasi ya 3, imeokoa pointi 7. Ikimbadilisha yule wa tano kwa kijana wa kawaida tu, asiye na jina gazetini, akamaliza wa 50, imeokoa 40. Ndiyo maana utamwona kocha akiacha kumngoja mwenye muda mzuri asiye na uhakika wa kuja na kumchukua mwenye muda wa wastani anayeziba pengo, na watu kijijini wakasema kuna hila. Mara nyingi hakuna hila. Muulize kocha: mtu wenu wa tano anamaliza wapi?

Uliza pia umbali. Wanaume wa vyuo hukimbia nyika ya kilomita 8 na 10, wanawake kwa miaka mingi wamekimbia 6. Uwanjani kuna 1,500, viunzi na maji, 5,000 na 10,000. Mtoto wa sekondari ya Marekani kwa kawaida hajawahi kukimbia 10,000 ya mashindano. Unalinganisha anachofanya leo kwa ajili ya kazi ambayo bado hajaionja.

Hatua ya 2: Kusanya misimu mitatu, si mbio moja

Kwa Mmarekani kazi ni rahisi: matokeo ya sekondari yako kwenye tovuti za MileSplit na Athletic.net, na ya vyuo yako TFRRS. Kwa Mkenya au Mtanzania utategemea ukurasa wake wa World Athletics kama anao, karatasi za matokeo ya mashindano ya shule kuanzia kaunti hadi taifa, na daftari la mwalimu wake. Daftari hilo ni mali. Mwalimu aliyeandika tarehe, uwanja, nafasi na muda kwa miaka mitatu amemfanyia kijana wake kazi kubwa kuliko barua kumi za sifa.

Andika kila mbio kwa mstari mmoja: tarehe, mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, umbali, muda, nafasi, na nani alimtangulia. Usiache mbio mbovu. Mbio mbovu ndizo zitakazokuambia mengi.

Hatua ya 3: Weka wote kwenye mizani moja

Sekondari za Marekani hukimbia mita 1,600 na 3,200, yaani mizunguko 4 na 8 kamili. Huo ni urithi wa maili ya viwanja vya yadi 440. Kwetu shule hukimbia 1,500 na 5,000. Bila kugeuza, unalinganisha debe na kilo.

Hesabu tatu zinatosha kazi nyingi:

- Kutoka 1,600 kwenda maili kamili: zidisha sekunde kwa 1.0058. Mtu wa 4:12 ana sekunde 252, zinakuwa 253.5, yaani 4:13.5.
- Kutoka maili kwenda 1,500: gawa kwa 1.08. Hizo 253.5 zinakuwa 234.7, yaani 3:54.7.
- Kutoka 3,200 kwenda 5,000: zidisha kwa 1.605. Hiyo inatokana na kanuni ya Pete Riegel, inayosema muda huongezeka kwa uwiano wa umbali uliopandishwa kwenye kipeo cha 1.06.

Kanuni ya Riegel inafaa kwa umbali wa jirani. Ukichukua 1,600 ya mtu ukaigeuza kuwa 10,000, umeacha kupima na umeanza kupiga ramli.

Hatua ya 4: Rekebisha uwanja, hewa na viatu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huumbuka.

Chukua vijana wawili. Wa kwanza ni wa Kansas, ana 9:02 katika 3,200. Alikimbia usiku, uwanja wa tartani, baridi kidogo, nyuma ya mwekaji kasi, na viatu vya kisasa vya misumari vyenye bamba na povu. Kwa hesabu ya juu, sekunde 542 mara 1.605 ni karibu 870, sawa na 14:30 katika 5,000. Wa pili ni wa Bonde la Ufa, ana 14:30 yenyewe, aliyoikimbia kwenye uwanja wa murram wa shule, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, saa saba mchana. Karatasi inasema wako sawa. Mpenzi wa Wakenya atasema wa pili ni bora mno. Wote wasubiri.

Niliwahi kwenda na gurudumu la kupimia kwenye uwanja wa aina hiyo. Mstari wa ndani uliochorwa kwa chokaa ulitoka mita 391, si 400. Mizunguko 12 na nusu ni mita 4,887.5, pungufu mita 112.5. Kwa mwendo wa kijana huyo ni sekunde 20. Kwa hiyo 14:30 yake ni 14:50.

Sasa mrudishie haki yake ya hewa. NCAA yenyewe ina hesabu za kurekebisha muda uliokimbiwa kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, kwa kuwa hewa nyembamba huwanyima pumzi wakimbiaji wa mbio ndefu. Aliyezaliwa na kukulia juu huumia kidogo kuliko mgeni, hivyo mimi humpa asilimia 2 hadi 3 tu. Sekunde 890 zikipunguzwa hivyo zinatua kati ya 14:23 na 14:32. Tumezunguka kote huko, tumerudi pale pale: wako sawa.

Lakini hatukupoteza muda. Sasa tunajua kwamba tofauti yoyote chini ya sekunde 10 kati yao haina maana, na yeyote anayekuletea hoja ya sekunde 4 anakupotezea jioni.

Mambo mengine ya kurekebisha, kwa kifupi. Muda wa saa ya mkono uweke alama, usiulinganishe kwa sehemu za sekunde na wa kielektroniki. Upepo wa mgongo kwenye njia iliyonyooka ni zawadi: Hall alikimbia marathoni ya Boston 2011 kwa 2:04:58, na njia ile haikubaliki kwa rekodi. Na usilinganishe vijana wa leo na wa zamani bila kukumbuka viatu. Hadi karne ya 20 inakwisha, wanafunzi wa sekondari wa Marekani waliovunja dakika 4 katika maili walikuwa 3 tu: Jim Ryun 1964, Tim Danielson 1966 na Marty Liquori 1967. Siku hizi wanazidi kuongezeka, na sababu si miguu peke yake.

Hatua ya 5: Kwenye nyika, sahau saa

Njia ya nyika haina rekodi ya kuaminika. Moja ina tope, nyingine ni uwanja wa gofu uliofyekwa kama zulia. California mbio nyingi za nyika za sekondari ni maili 3, si kilomita 5. Ukiona 14:50 kutoka huko, kumbuka pamebaki mita 172, ambazo kwa mwendo huo ni zaidi ya nusu dakika.

Badala ya saa, tumia wapinzani wa pamoja. Kijana wako alimaliza sekunde 12 nyuma ya fulani. Huyo fulani, wiki tatu baadaye, alimaliza sekunde 5 mbele ya kijana wa pili. Mnyororo mmoja hautoshi. Tafuta minne au mitano na uangalie inaelekea wapi. Kwa Wamarekani fainali kubwa kama ile iliyojulikana kwa miaka mingi kama Foot Locker na ile ya Nike huko Portland hurahisisha, kwa kuwa wakimbiaji wa kanda zote hukutana. Kwetu, nafasi ya 6 katika mashindano ya taifa ya shule Kenya huwa na uzito kuliko muda wowote, maana waliomtangulia wanajulikana.

Hatua ya 6: Soma mwelekeo pamoja na mzigo

Muda wa leo ni picha. Unachotaka ni safari. Kwa kila mkimbiaji weka safu mbili sambamba: muda bora wa kila mwaka, na kilomita alizokuwa akikimbia kwa wiki mwaka huo.

Tuseme kijana wa Kansas alikuwa na 9:48 akiwa na miaka 15, kwa kilomita 50 kwa wiki. Mwaka uliofuata 9:20 kwa 90. Mwaka huu 9:02 kwa 130, mazoezi mara mbili kwa siku, kocha binafsi, na amevunjika mfupa wa muundi mara moja. Wa Bonde la Ufa alianza kukimbia kwa dhati miezi 18 iliyopita. Huenda shule kwa miguu, hufanya mazoezi alfajiri mara nne kwa wiki na wenzake, jumla labda 60. Hapo ndipo usawa wetu wa Hatua ya 4 unapovunjika. Mmoja ameshabana chungwa, mwingine hajalimenya.

Usiende mbali sana na hoja hiyo, hata hivyo. Wapo wanaohimili kilomita 130 na wapo wanaovunjika kwa 80, na huyu wa pili hajajaribiwa. Aliyethibitisha kwamba mwili wake unabeba mzigo naye ana thamani yake.

Kwa wasichana, soma safu hizo kwa upole. Mwili unapokua, msichana anaweza kusimama muda uleule mwaka mmoja au miwili kisha akaendelea. Aliyekuwa na kasi ya ajabu akiwa na miaka 14 na akasimama, usimwandike "amekwisha". Na anayeshuka muda huku akizidi kukonda na kuvunjika mifupa, hilo ni jambo la daktari kabla halijawa la kocha.

Tazama pia miruko isiyo na maelezo. Sekunde 60 zikitoweka katika 5,000 ndani ya miezi minne, uliza kilichobadilika. Huenda ni kocha mpya, huenda ni lishe, huenda ni jambo la kuwaachia watu wa kupima dawa.

Hatua ya 7: Tazama mbio kwa macho yako

Omba video, hata ya simu. Washa saa yako na uandike kila mzunguko.

Mwaka mmoja nilitumiwa muda wa 13:20 wa kijana ambaye daftari lake lote lilikuwa na 14:30 na 14:35. Mtumaji alikuwa na furaha ya kweli, hakuwa tapeli. Nikaomba video. Uwanja ulijaa, waliopitwa mzunguko wamechanganyika na vinara, vumbi limesimama kama ukungu. Nikahesabu: mzunguko, mzunguko, nikafika 10 na nusu, kengele ikalia. Waliikata mbio mzunguko mmoja kabla. 13:20 kwa mizunguko 11 na nusu ni mwendo uleule wa 14:30. Kijana alikuwa amekimbia kama kawaida yake siku zote.

Mbio ikiwa kamili, angalia mgawanyo. Watu wawili wana 14:30. Mmoja alikimbia mizunguko ya 69 na wa mwisho 76, akiwa peke yake mbele tangu mwanzo. Mwingine alikaa kwenye kundi kwa 70 na 71, kisha akafunga kwa 58. Wa kwanza anaweza kwenda kasi zaidi akipata watu wa kukimbia nao. Wa pili anajua kushinda, ila hujui mwisho wake uko wapi. Kwa fainali za vyuo zinazoamuliwa mita 300 za mwisho, mimi humpenda wa pili. Kwa nyika ya kilomita 10, wa kwanza.

Angalia na kichwa. Anageuka nyuma mara ngapi? Akipitwa, anakaa na aliyempita au anaachia mabega yaanguke? Hilo halimo kwenye jedwali lolote.

Hatua ya 8: Umri, vyeti na sheria

Miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso kilitawala nyika ya NCAA kwa kutumia wakimbiaji wa Afrika Mashariki. Mtanzania wetu Suleiman Nyambui alikuwa bingwa wa nyika 1980 na alitwaa mita 10,000 za NCAA mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka huohuo wa 1980 alichukua fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow. Alizaliwa 1953, kwa hiyo alikuwa mtu mzima wa miaka 27 akikimbia na vijana waliotoka sekondari juzi. Malalamiko yalikuwa mengi, na tangu hapo umri wa wageni umekuwa jambo la sheria.

Kwa miaka mingi Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, limempa mwanafunzi kama mwaka mmoja baada ya kumaliza sekondari. Akiendelea na mashindano rasmi zaidi ya hapo bila kuingia chuo, huanza kupoteza misimu. Sheria hizi zinabadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma ya mwaka unaoomba. Kwa ulinganisho wako andika umri wa kila mmoja siku atakayofika chuoni na misimu itakayobaki. Kijana wa miaka 18 mwenye misimu 4 si sawa na wa 22 mwenye 2, hata muda ukifanana. Mwaka wa KCPE (mtihani wa shule ya msingi Kenya, uliofanyika mara ya mwisho 2023), mwaka wa KCSE (wa sekondari) na cheti cha kuzaliwa visimulie hadithi moja. Andika pia kila shilingi ya zawadi aliyopokea, hata ya mbio za barabarani za kijijini, maana ataulizwa.

Halafu alama za darasani. Nimeona vijana wa 13:50 wakikwama kwa hisabati. Asiyefikia masharti ya Daraja la Kwanza si lazima arudi shamba: zipo shule za NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na vipo vyuo vya miaka miwili. Sally Kipyego alianzia chuo cha miaka miwili, South Plains, kisha akaenda Texas Tech na kuwa bingwa wa nyika wa NCAA mara tatu mfululizo, 2006 hadi 2008. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa, hivyo mgeni akiahidiwa "skolashipu ya kukimbia" huko, kuna mtu anamdanganya.

Hatua ya 9: Hesabu viti

Zamani timu ya wanaume ya riadha na nyika Daraja la Kwanza iligawana ufadhili kamili 12.6, ya wanawake 18, kwa warushaji, warukaji na wakimbiaji wote. Baada ya mahakama kuidhinisha mapatano ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA, Juni 2025, vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo vinabanwa kwa idadi ya wachezaji: 17 kwa nyika, 45 kwa riadha. Ufadhili unaweza kuongezeka, lakini kiti cha kumlea kijana miaka miwili taratibu kimepungua. Yule ambaye chungwa lake halijamenywa ameumia hapo, kwa kuwa wako wakubwa wanaohama kutoka vyuo vingine wakiwa tayari.

Hatua ya 10: Piga simu moja ya mwisho

Jedwali likishajaa, panga majina, kisha mpigie mwalimu wa kila mmoja. Usiulize kama kijana ni mzuri. Atasema ni mzuri. Mimi huuliza hivi: "Mwalimu, mwezi uliopita alikosa mazoezi siku ngapi, na kwa sababu gani?" Aliye karibu na kijana wake hujibu hapohapo: siku tatu, mbili mvua ilikata daraja, moja alikwenda kumzika nyanya yake. Anayesema hajawahi kukosa hata siku moja, hapo jina hilo naliwekea alama ya kuuliza na kumpigia mtu mwingine wa shule ileile.

Kijana wa Kansas na yule wa Bonde la Ufa nao wangepitia hapo. Timu ya Hatua ya 1, yenye wanne mbele na pengo la wa tano, ningeishauri imchukue wa Kansas, kwa sababu inahitaji mtu wa mbio za nyika za Novemba hii. Timu inayojengwa upya, yenye kocha mvumilivu na kiti cha akiba, ningeipa namba ya simu ya yule mwalimu.